Barua ya Mwalimu Mkuu

Mwaka wa 1961 Aidarus alikuwa akifundisha kemia katika shule moja ya Kisauni. Aliandikia vyuo vikuu kumi na kimoja vya Ulaya akiomba nafasi ya utafiti wa udaktari. Kimoja tu kilimkubali, cha Ujerumani, nacho kwa sharti: barua ya mwalimu wake mkuu ifike kabla ya Juni kwisha.

Bi Mahfoudha, mamake, alimwona hali wala halali.

"Si umwombe hiyo barua?"

"Umeniapisha, mama. Kwa msahafu."

Ni kweli. Kaka yake Aidarus, Barakat, alipopata kazi melini, nyumba ilijaa watu wa kumpongeza. Wiki ile ile homa ikamchukua. Tangu hapo Bi Mahfoudha hakutaka safari ya mwanawe itajwe kwa mtu mpaka awe keshapanda meli. Macho ya watu hayana dawa.

"Na huo udaktari ni wa nini?"

"Wa maji ya mikokoni."

"Kwani mikoko inaumwa?"

Aidarus hakucheka. Zilibaki siku tisa.

Kesho yake, kijana akiwa darasani, Bi Mahfoudha alijitanda buibui, akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, Erastus, Mtaita mnene aliyependa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu anataka kwenda kusoma Ujerumani. Wanataka barua yako."

Erastus aliweka kikombe chini. "Siandiki. Nikimsifu, wanamchukua. Kemia atafundisha nani? Mwalimu mwingine sina, na wakubwa hawaniletei."

"Basi waandikie hivyo hivyo."

"Vipi?"

"Kwamba akiondoka huna mwingine. Kwani ni uongo?"

"Si uongo," Erastus alisema, akavuta karatasi. Alipomaliza alimsomea kwa Kiswahili. "Kijana huyu ana akili kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye..."

"Sema mashallah."

"Mimi ni mlokole, mama."

"Sema. Nilizika mmoja."

Erastus akasema mashallah. Barua ilikuwa na sifa sita, na kila sifa aliisemea mashallah, ya mwisho kwa sauti ndogo kwa sababu karani alikuwa amesimama mlangoni.

Jioni Bi Mahfoudha alimkabidhi mwanawe bahasha akaitie posta.

"Nani kamwambia?" Aidarus aliuliza.

"Mimi. Aliyeapa ni wewe."

Jibu lilifika Agosti: nafasi ni yake. Aidarus alipanda meli mwezi uliofuata, na majirani walipata habari siku ya pili yake, wakanuna. Bi Mahfoudha aliwapikia pilau, wakanyamaza.

Mwalimu mpya hakuletwa. Muhula mzima Erastus alifundisha kemia mwenyewe, kitabu mkononi, ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi.