Simu Iliyoita Mapokezi

Simu iliita nyuma ya mlango wa mapokezi uliofungwa kufuli, nami mikono yangu yote miwili imeshika kichwa cha mtoto anayezaliwa. Jumapili mchana, zahanati yetu ya Mbagala, mkunga mie peke yangu. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Nilijua ni Somoe, mjamzito wangu.

Uzazi wake wa kwanza alimwaga damu nusura afe. Safari hii nilimwambia, "Uchungu ukianza tu, usihangaike na bajaji. Piga namba ya zahanati, nakutumia gari." Namba zetu binafsi ofisi ilitukataza kuwapa wagonjwa.

Jumapili mapokezi hakuna mtu. Kwa hiyo kila Jumamosi, kabla keshia hajafunga na kuondoka na ufunguo, nilikuwa naingia kwenye mipangilio ya simu, nachagua iite kwenye simu ya chumba cha kujifungulia. Inakubali vizuri tu. Lakini kwetu umeme ukikatika tunazima swichi kubwa, usije ukarudi kwa kishindo ukaunguza friji ya chanjo. Tukiwasha, simu imeshasahau, inaita mapokezi.

Nilimpigia Badru, fundi wa mitandao makao makuu, Mikocheni.

"Sista, simu ikiwaka inasoma kwanza faili la huku kwetu. Faili linasema mapokezi. Ulichochagua wewe kinafutika."

"Sasa hicho kitufe cha kuchagua mmeniwekea cha nini? Pambo?"

Akacheka. "Faili lina nguvu kuliko wewe, sista."

"Basi libadilisheni!"

"Mpaka meneja aidhinishe."

Nikamwandikia meneja. Kimya. Nikaandika tena. Jamani, mtu unaomba simu iite penye mtu, unaonekana mkorofi! Hasira ile mpaka leo haijanitoka.

Jumapili hiyo umeme ulikatika asubuhi. Bi Filomena, mfanya usafi wetu, akafanya kama tulivyomfundisha: akazima, uliporudi akawasha.

Mtoto alipotoka na kulia, nilimkabidhi Bi Filomena nikakimbia. Nilipiga mlango mateke mpaka komeo likang'oka. Nikainua simu. Imeshakatika.

Nurdin, mumewe Somoe, alimleta kwa bajaji, kanga zote zimelowa damu. Somoe tulimuokoa. Mtoto hatukumuwahi.

Baadaye Nurdin alisimama mbele ya ule mlango uliovunjika, akawa anautazama.

"Sista, nilipiga. Iliita."

"Niliisikia, kaka," nikamwambia.