Simu Haikunijua Bila Liwa

Simu yangu ina kiburi. Siku ya kujiandikisha kozi ya hoteli, ile inayofundishwa mtandaoni kutoka kisiwa cha Nosy Be, ilinipiga picha nikiwa na liwa usoni, ule msandali wa njano unaosuguliwa kwenye jiwe, kama mwanamke yeyote wa mtaa wetu wa Antanimasaja anayeliogopa jua la Mahajanga. Tangu hapo, nikijitokeza na uso wa njano inaandika nipo. Nikija na uso mtupu, sipo. Hata niimbe!

Mwalimu Faouzia alicheka mpaka akakohoa. "Nakuona, dada Hayrat, na nakusikia. Lakini mahudhurio unayahesabu mtambo, si mimi. Ukikosa mara moja tena, mtihani huufanyi." Na bila mtihani hakuna kazi ya mapokezi, hakuna mshahara wangu mwenyewe. Nilikuwa naitaka sana kazi ile.

Siku ya somo la mwisho nikatoka kung'olewa jino, uso umeoshwa huko kwa daktari ukatakata, na somo linaanza. Kusugua liwa kwenye jiwe si jambo la kufumba na kufumbua. Aliyekuwa anasugua uani ni mama mkwe, Bi Rahamatou, na sisi hatusemezani. Alisema mbele ya wageni kwamba namwacha mwanawe Mouhamadi, mume wangu, na njaa nikipiga soga na simu. Nikamjibu, tena vibaya. Tangu hapo ni salamu tu, nazo za shingo upande.

Nikajikaza. "Mama Mouhamadi, naomba liwa. Nikichelewa naandikwa sipo, na mtihani ndiyo basi."

Jiwe lilikuwa tupu. Yote alishajipaka, bado mbichi. Machozi yakanilenga, nikageuka niende zangu.

"We! Njoo hapa." Akanishika kidevu, akaichota liwa mashavuni mwake kwa viganja, akanipaka paji, pua, mashavu, polepole asije akanitonesha pengo la jino. "Mkaidi wewe. Haya, kimbia!"

Nikajitokeza mbele ya simu. Ikaandika nipo! Nilipiga kigelegele, jino au si jino. Kumbe Bi Rahamatou kanifuata, uso michirizi mitupu, akaketi mkekani ubavuni mwangu.

"Dada Hayrat, huyo nani?" akauliza Faouzia.

"Mama yangu," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo.

Bi Rahamatou akasogea mpaka uso wake ukajaa kwenye simu. "Mwalimu," akasema, "mwanangu huyu, anasoma vizuri?"