Sifuri ya Généreuse

Asubuhi Severin alifuta kioo cha mashine ya kupimia damu kwa kitambaa laini, akawasha taa ya kupimia madini ya risasi, akaenda kupasha chai yake. Maabara ilikuwa katika mji wa Richardson, nyuma ya duka la matairi. Mwaka ulikuwa 2006, na siku hiyo ilikuwa zamu ya kupima damu za wafanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu.

Kazi yenyewe haina makuu. Taa ile hutoa mwanga ambao madini ya risasi huumeza. Damu huunguzwa katikati ya njia ya mwanga, na ule unaofika ng'ambo ukipungua, ujue risasi imo. Ila kwanza hupitishwa maji safi, mashine ikaambiwa: hii ndiyo sifuri.

Généreuse, mama wa Kikongo aliyefanya kazi kwenye tanuru la kiwanda hicho, mwenye mimba ya miezi mitano, aliingia kutolewa damu. Mwanga ukatoka kwenye mashine, uzi mwembamba wa buluu, ukakata kona kwenye kabati, ukamwingia tumboni. Severin alisogeza meza ili mama apite.

"Kaka, mashini iseme tu ile iko ndani yangu," alisema Généreuse. "Kama iko mingi, sheria inasema banitoe kwa tanuru na mushahara banilipe. Mutoto hachezi tena."

"Keti, dada. Tutaona."

Maji safi yakaonyesha risasi. Severin akayabadilisha, yakaonyesha risasi vilevile, maana mwanga wote aliumeza mama. Akamwita mkuu wake, Onyancha, ambaye aliutazama ule uzi kama mtu anayetazama bomba linalovuja.

"Kwani shida iko wapi? Machine iko sawa. I-set zero na yeye akiwa hapo hapo, halafu upime."

"Bosi, hatutaona kitu."

"Hiyo factory ndiyo client wetu mkubwa. Na karatasi za green card yako ya kukaa huku si ni mimi nasaini?"

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Severin akainama, akabonyeza sifuri. Damu ya Généreuse ikapita kwenye mwanga ambao haukuwepo, na kwa kuwa hakikubaki cha kumezwa, jibu likawa sifuri. Ulikuwa ukatili, ila ulifanywa kwa adabu: alipewa juisi, na kesho yake akarudi tanuruni.

Kiwanda kilipendezwa. Kila Jumatatu kilimleta aketi kando ya mashine damu za wenzake zikipimwa, na wote wakawa safi. Waliokuwa wakitapika waliambiwa wapunguze pilipili.

Mtoto alizaliwa, hakulia, na macho yake hayakufuata kitu. Daktari akataka damu yake ipimwe. Généreuse aliketi naye mapajani, na mwanga ukagawanyika nyuzi mbili. Severin akabonyeza sifuri, akapima.

"Hana kitu, dada."

"Na huu mwangaza unamuingia?"

"Ni wa kawaida."

Généreuse akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kuwahi zamu.