Kilio cha Viti Viwili

Guelor alipotangaza kwenye kikundi cha simu kwamba Viti Viwili wamekufa, Chilufya alikuwa na pini mdomoni, anakunja upindo wa pazia la mteja. Alizitema kiganjani, akaisoma habari tena.

"Bandugu," Guelor aliandika, "tangu mvua ianze hakuna muziki mupya. Bale bantu beko bazee. Miye nasema balishakufa, tena ku Kilwa, bila muntu kuyua."

Hakuna aliyemwuliza alipata wapi habari hiyo. Wote walianza kulia.

Viti Viwili walikuwa wanamuziki ambao, kwa kadiri wapenzi wa muziki wao walivyojua, hakuna aliyewahi kuwaona. Wawili tu, mume na mke kwa maneno ya watu, walipiga fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma zote za okestra, sauti moja juu ya nyingine, mpaka ungeapa kwamba ukumbi umejaa wapigaji. Muziki wao waliuweka mtandaoni bila jina wala sura, daima na picha ile ile: viti viwili vitupu mbele ya ukuta wa matofali. Kwa kuwa kipande kimoja kilikuwa na sauti ya maji, kikundi cha WhatsApp cha wapenzi wao kiliamua kwamba hao ni watu wa Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Mwape, mmoja wa kikundi, alikwisha kuwapa hata ukoo: samaki. Watu wa ziwa wangekuwa nini kingine?

Chilufya aliishi ndani ya kikundi hicho. Tangu dada yake aolewe Kolwezi, nyumba yake ya mtaa wa Annexe ilikuwa na kitanda, cherehani na simu, na katika hivyo vyote ni simu tu iliyomwita kwa jina. Asubuhi Kiki, msichana ambaye hajawahi kuonana naye, alimwandikia kama kwa shangazi: "Tantine, ulilala muzuri?" Mchana Mwape alimtania kwamba anasikiliza muziki wa wazungu huku bukari, ugali wake, inaungua. Akinyamaza nusu siku, kuna aliyeuliza kama anaumwa. Mtaani kwake hakuna aliyeuliza.

Na katika wote, ni Chilufya peke yake aliyejua Viti Viwili wanakaa wapi.

Mwaka uliopita mama mmoja mwenye mvi alimwita amshonee mapazia ya blanketi, mazito, ya kuziba sauti kwenye madirisha na mlango. Nyumba yenyewe haikuwa mbali na kwake, nyuma ya shamba la mahindi. Chilufya alipopiga magoti kupima dirisha, akageuka, akauona ule ukuta wa matofali. Mbele yake, viti viwili. Juu ya kimoja, fidla.

Mama Albertine, ndilo lilikuwa jina lake, aliona jinsi anavyotazama, akajua wamejulikana.

"Unatuyua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi usiseme ku muntu. Bwana yangu Émile hapendi bantu mu nyumba. Na miye sipendi."

Chilufya aliahidi. Moyoni alidhani kwamba mtu aliyeachiwa siri ya namna ile ataitwa siku moja aketi, asikilize. Hakuitwa.

Sasa kikundi kikaingia kwenye kilio kamili. Kila mmoja akaweka picha nyeusi. Stéphane, msimamizi wa kikundi, mwalimu wa mjini ambaye Kifaransa chake hakina hata mkunjo mmoja, akatunga maisha ya marehemu: walikutana kwenye kwaya, walizika mtoto, wakajificha na huzuni yao. Watu wakamlilia mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kisha Stéphane akatangaza safari. Jumamosi watakodi gari waende Kilwa, kwa barabara ile ya matope, watafute makaburi, waweke maua.

Chilufya aliacha cherehani, akaenda kwa Mama Albertine. Kabla hajabisha hodi akasikia sauti za jikoni, upande wa nyuma, za watu wanaopika sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Émile, umetia tena chumvi? Miye nilishatia."

"Ulitia wapi? Hii sombe ilikuwa sawa na mayi."

"Ulimi yako ndiyo iko mayi."

Alisimama pale akitabasamu peke yake, kisha akabisha. Mlango ukafunguka kiasi cha uso mmoja.

"Mapazia yako iko muzuri," alisema Mama Albertine, hata kabla ya salamu.

"Mama, bantu banalia juu yenu. Banasema mulikufa. Banataka kwenda Kilwa kutafuta kaburi."

Mama Albertine akafikiri kidogo. "Kilwa hatuna muntu."

"Kama mungeweka muziki, hata kiloko, hata kidogo tu."

"Mikono ya Émile imeisha. Tulimaliza." Alisema kama mtu anayefunga duka jioni. "Bale bantu basikuye hapa. Ni ile tu."

"Naweza kuingia, mama? Nikusaidie hata vyombo."

"Siku ingine."

Mlango ukafungwa. Pazia likaanguka nyuma yake, zito, la mshono mzuri, na Chilufya hakusikia tena hata kijiko.

Jioni ile akafungua kikundi, akakuta wanagawana nafasi za gari.

Kwa watu wa kwao, kilio bila banungwe hakijakamilika. Munungwe ni mtu wa ukoo wa utani. Ukifiwa, yeye huja akikucheka, huwaiga marehemu, huwatukana wafiwa, na hakuna anayemkasirikia. Chilufya alikuwa wa ukoo wa mamba, na mamba ni munungwe wa samaki. Akabonyeza kinasa sauti.

"Miye mamba nimefika ku kilio ya basamaki. Munalia nini? Bamarehemu benu beko bagomvi. Muzee anatia chumvi mara mbili, bibi anamutukana. Mufu gani anagombana juu ya chumvi? Mupanguse makamasi, murudishe ile gari."

Mwape alijibu wa kwanza. "Munungwe amefika. Sasa iko kilio." Wengine wakacheka, hata Kiki. Halafu ni Kiki huyo huyo aliyeuliza, bila ubaya, "Tantine, ile chumvi ulisikia wapi?"

Kicheko kikakatika.

"Anabayua," aliandika Guelor. "Anabaficha."

Stéphane hakuwa na habari za utani wa mamba na samaki. "Mama Chilufya, uchague. Ao unatuonyesha nyumba yabo, ao unaomba radhi kwa kucheka bamarehemu betu. Kama hapana, ninakutoa mu groupe."

Kiki akamwandikia pembeni. "Omba tu, tantine. Ni neno moja. Nitamusalimia nani mu groupe asubuhi?"

Neno moja, ni kweli. Lakini akilisema atakuwa amewazika watu walio hai, na gari litaondoka. Tena munungwe anayeomba radhi huugeuza utani wake wote kuwa matusi kwelikweli. Na akiwaonyesha nyumba, kesho watajaa langoni na simu zao. Mama Albertine hatajua lolote kati ya haya, wala hatafungua mlango zaidi ya uso.

Chilufya akamwandikia Kiki kwanza: "Ulale muzuri, mutoto yangu." Kisha akarudi kwenye kikundi, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Stéphane, nyumba sionyeshi. Unitoe. Nilikuya kucheka ku kilio, na nilicheka. Radhi siombi."