Zulia Lisianikwe

Uchafu haujawahi kuua zulia, jamani. Muulize yeyote anayeifanya kazi hiyo. Zulia zuri huuawa na jamaa wenye nia njema, wale wanaopita na ndoo wakisema "ngoja nikusaidie." Na katika nyumba ile kongwe ya ghorofa, katikati ya mtaa wa zamani wenye vichochoro vyembamba hata gari la kazi hubaki barabarani, jamaa wa aina hiyo walikuwa tele.

Mwenye kazi alikuwa mwanamke waliyemwita Povu. Jina hilo alipewa na shangazi yake mwenyewe, tena kwa kejeli, siku alipoacha kupima sukari dukani kwa kaka yake akanunua mashine ya kufulia mazulia na makochi. "Umeacha duka la maana unakimbilia povu!" Mtaa mzima ukacheka, jina likaganda. Yeye hakununa. Aliliandika ubavuni mwa mashine kwa rangi ya kupaka milango, akaingia sebule moja baada ya nyingine, akitoa kwenye viti vya watu chai iliyomwagika, mafuta ya nywele na vumbi la tangu enzi za babu zao.

Lakini sasa banda lake la kufulia, nje ya mtaa, lilikuwa linabomolewa. Mwisho wa mwezi angekuwa hana pa kuweka mashine, na Mama Pacha, mwenzake wa kazi, angekuwa hana kazi. Chumba cha kumfaa kilikuwa kimoja tu: kile cha chini katika nyumba ya ukoo, chenye mlango mpana unaofungukia uani. Na mwenye kauli juu ya chumba kile alikuwa Shangazi.

Shangazi alikuwa mkubwa wa nyumba, na mkubwa kweli, si wa jina. Akikohoa juu, wa chini wananyamaza. Muuza simenti alishamwomba chumba hicho akifanye ghala, na Jumamosi mchana angekuja kuchukua jibu.

"Nifulie zulia la marehemu baba," Shangazi alimwambia Povu. "Likitoka safi, chumba chako. Likiharibika, nampa mtu wa simenti, na wewe unarudi kupima sukari. Tena nisisikie tena habari za povu ndani ya nyumba hii."

Povu alipiga moyo konde akakubali. Zulia lenyewe lilikuwa la sufu, limefumwa kwa mkono, jekundu katikati, na pembeni limezungukwa na mkanda mpana mweupe uliokuwa umegeuka rangi ya chai. Ndoa zote za ukoo zilifungwa juu yake, na watoto wote wa nyumba ile, Povu akiwemo, walijifunza kutambaa hapo.

Jumamosi asubuhi walilitandaza uani juu ya mawe. Walikuwa wameshalikung'uta vumbi mpaka majirani wakafunga madirisha. Povu alilowesha kitambaa cheupe kwa maji baridi na dawa yake, akakikandamiza juu ya ule wekundu, akakiinua, akakikagua. Safi. Rangi haitoki, mradi maji yawe baridi. Akarudia kila kona, maana mali ya ukoo haichezewi. Kisha yeye na Mama Pacha wakasugua kwa brashi laini, taratibu, na weupe ukaanza kuchungulia. Povu akaanza kupanga moyoni mashine itakaa pembe ipi.

Walipokwenda garini kuleta mashine ya kunyonya maji, ndipo Baba Mdogo alipotokea.

Baba Mdogo, ndugu wa mwisho wa Shangazi, alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mtu wa mizaha, na alimpenda Povu kuliko wanawe wa kuwazaa. Akaona kona moja ina doa limegoma. Masikini, akawaza, mtoto huyu anahangaika na maji baridi kana kwamba anaosha matango! Akaingia jikoni, akatoka na ndoo inayofuka mvuke, akaimwaga yote, kwa mapenzi.

Povu aliporudi akisukuma mashine alikuta wekundu unatembea. Ulikuwa umeshavuka mpaka wake, umeingia kwenye mkanda mweupe, na bado unaendelea. Baba Mdogo alikuwa amesimama na ndoo tupu, macho yamemtoka pima.

"Mwanangu," alinong'ona, "nilitaka tu kukusogezea kazi."

Povu alikiona chumba kinajaa mifuko ya simenti. Alijiona nyuma ya mizani ya sukari, na kaka yake akimwambia si nilikuambia. Alitaka kulia, na alitaka vilevile kumnyang'anya mzee wa watu ile ndoo amvike kichwani.

"Kaa pembeni, Baba Mdogo," alisema. "Na usiseme neno."

Amechelewa. Juu ya ngazi palisikika yowe. "Mungu wangu! Zulia la baba!" Shangazi alishuka mtandio ukiburuta nyuma yake, wanawake wa nyumba wakamfuata, na kufumba na kufumbua majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Wengine walikuja kutoa pole. Wengi, tusidanganyane, walikuja kutazama.

"Lianikeni!" Shangazi aliamuru, naye mwenyewe akakamata pembe. "Upesi, lipandishwe juani likauke kabla halijaharibika lote!"

Na nani asingewaza hivyo? Kitu kimelowa, kianike. Lakini Povu alijua kwamba rangi iliyokimbia, maadamu bado imelowa, inarudishika. Ikikauka, tena kwa jua, imehamia hapo na haihami ng'o. Dawa ilikuwa kinyume kabisa: maji zaidi, baridi, yenye siki, bila kupumzika.

Tangu azaliwe hakuwahi kumwambia Shangazi hapana. Hakuna aliyewahi. Alivua viatu, akakanyaga zulia lililolowa, akasimama katikati.

"Asilianike mtu!"

Vichwa vyote vikamgeukia Shangazi.

"Unasema na nani?" Shangazi aliuliza polepole.

"Nasema na wewe, shangazi yangu. Nitakuomba radhi baadaye, hata kwa magoti. Lakini zulia hili umenikabidhi mimi, na likienda juani limekwisha. Achia pembe."

"Wewe mtoto, wewe..."

"Achia, shangazi!"

Shangazi aliachia. Hakuachia kwa kukubali, hata kidogo. Aliachia kama mtu anayempisha mwenzake aanguke vizuri, ili apate la kusema. Akaenda kukaa kwenye ngazi, akashika tama.

Povu akajifunga kibwebwe. "Mama Pacha, lete siki yote! Nyinyi mliokuja kutazama, hapa hakuna kiingilio lakini kuna ndoo. Wewe mwenye miwani, shika hii. Na wewe, acha kujificha nyuma ya mkeo!"

Bomba la uani lilikuwa linatoa uzi tu wa maji, kama desturi yake mchana. Basi matangi ya majirani yakafunguliwa, na watu wakajipanga kichochoro kizima. Wembamba ule uliowatesa miaka yote, wa kupishana kwa mabega, siku hiyo ulifaa: ndoo ilipita mkono kwa mkono na hakuna aliyelazimika kuinua mguu. Povu alimwaga, mashine ikanyonya, maji yakarudi mekundu kama damu. Akamwaga tena. Mekundu. Tena.

Katikati ya purukushani hiyo muuza simenti aliwasili, shati limepigwa pasi, akachungulia. "Naona mna matatizo, mama. Basi, kuhusu chumba..."

"Usisimame bure, baba," Mama Pacha alimwambia, akampachika ndoo mkononi. Akaipokea, masikini. Nani angekataa mbele ya kadamnasi ile?

Maji yakawa ya waridi, kisha yakagoma kubadilika. Povu alikandamiza taulo jeupe kwenye mkanda, akaliinua: lina doa. Watu wakaguna.

"Imetosha," Shangazi alisema kutoka kwenye ngazi, na safari hii sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na huruma, na hiyo ilimuuma Povu kuliko matusi. "Umejitahidi, mwanangu. Kubali."

"Bado," Povu alisema. "Ndoo!"

Zikaja ndoo. Akamwaga, akanyonya, akapiga magoti, akakandamiza taulo kwa uzito wake wote. Akaliinua.

Jeupe.

Hakuamini. Akahamia kona nyingine, ile ya Baba Mdogo, akakandamiza tena. Jeupe pe! Akasimama, akasogea kando ili watu waone. Wekundu ulikuwa umerudi kwake na kutulia, na mkanda ule waliouzoea ukiwa rangi ya chai ulikuwa mweupe wa maziwa, mweupe ambao vijana wa nyumba ile hawakuwahi kujua kwamba upo.

Vigelegele vilipasuka kuanzia uani mpaka mwisho wa kichochoro, hata walioko mbali wasioona kitu wakashangilia kwa kuamini tu. Mama Pacha alicheza na brashi yake. Na Baba Mdogo, aliyekuwa amebanwa na siri mpaka jasho linamtoka, hakuweza tena.

"Ni mimi!" alipayuka. "Maji ya moto nilimwaga mimi! Nifungeni!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Shangazi aliinuka, akamgeukia Povu. "Ulijua? Na ukaacha nikudhanie wewe?"

"Tungemsaka mwenye kosa, shangazi, rangi ingekauka."

Shangazi alishuka. Aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya mkanda mweupe, akakiacha hapo. "Baba alilileta likiwa hivi," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi, mbele ya mtaa wote ambao haujawahi kumwona akilia. Kisha akajifuta, akauliza kwa upole ambao nyumba ile haikuuzoea, "Sasa je, linaweza kuanikwa?"

"Kivulini, shangazi. Na feni."

"Mmesikia?" Shangazi aliwageukia wote kwa sauti yake ileile ya siku zote. "Kivulini! Na yeyote atakayeligusa bila ruhusa yake, atanijua!"

Muuza simenti aliweka ndoo chini. Viatu vyake vilikuwa vimejaa maji. Akakohoa. "Sasa mama, lile jibu langu la chumba..."

"Mimi sina chumba," Shangazi alimjibu. "Muombe mwenyewe. Yule pale."

Muuza simenti akageuka kumtafuta mwenye chumba, akamkuta Povu, miguu mitupu, maji yanamchuruzika mpaka kwenye vifundo.

"Kimejaa," Povu alisema, sauti imemkauka kwa kuamuru watu. "Lakini asante sana kwa ndoo."

Aliyeanza kucheka alikuwa Shangazi.