Kivuli cha Mzee Castory

Kaka yangu Stephano ndiye aliyenishikia ngazi nilipofunga kamera kwenye mti. Nataka hilo lijulikane kwanza, maana ndilo linaloniuma kuliko yote.

Hapa Mgeta maji ya mfereji ni ya zamu. Zamu yangu ni Jumatano, saa moja asubuhi hadi saa sita mchana, kisha ni ya mzee Castory. Msimu huu maji yalikuwa yananikatikia katikati ya asubuhi, na karoti zikaanza kunyauka. Yanapogawanywa ni mbali, juu mlimani, siwezi kumwagilia huku nikilinda. Stephano, mwenye shamba juu ya langu, alinipa pole kila wiki na kuniambia mwizi ni Castory.

Mimi ni fundi redio, na kiburi cha ufundi ninacho. Nikashuka mjini Morogoro, dukani kwa Huzefa, nikanunua kompyuta ndogo ya kukaa kiganjani na kamera ya kuchomeka. Nikaipangia ipige picha pale maji yanapogawanywa, kila dakika tano, na kuandika saa pembeni. Huzefa akanionya, "Fundi, hii haina saa ya ndani. Umeme ukikatika, ikiwaka inaendelea kuhesabu pale ilipoishia." Nikamjibu najua. Betri niliificha kwenye kopo chini ya majani, na waya wake nilimwonyesha mtu mmoja tu, kaka yangu.

Jumatano jioni nikazifungua picha. Mzee Castory huyo, jembe mkononi, anafungulia maji yaende shambani kwake, na pembeni imeandikwa saa tatu na dakika kumi. Sikwenda hata kumuuliza. Nilizipeleka moja kwa moja kwenye kamati ya mfereji.

"Nilifungua saa sita, Wilfred," mzee alisema. "Kengele ya shule ilikuwa imeshalia."

Nikamwambia mashine haina sababu ya kumsingizia. Stephano akasimama kuniunga mkono, kwa maneno makali kuliko yangu. Castory akanyimwa maji msimu mzima. Ndiye aliyenifundisha kuziba mfereji kwa udongo na migomba nikiwa na miaka saba.

Wiki mbili baadaye nilirudia kuitazama ile picha, nadhani kwa kujisifu tu. Nikaona kivuli. Saa tatu asubuhi kivuli cha mtu hulala kirefu chini. Cha mzee kilikuwa kimejikunja miguuni pake, kivuli cha saa sita. Kompyuta ilikuwa imezimwa kwa muda wa karibu saa tatu, ikawashwa tena, ikaendelea kuhesabu kama vile hakuna kilichotokea. Nikakaa chini. Waya ule tulikuwa tunaujua wawili.

Nilimkuta Stephano kwenye kabichi zake, zimenona mpaka zinakera.

"Kaka, waya ulichomoa wewe."

Hakubisha. Aliendelea kupalilia. "Nilitaka nisionekane, basi. Habari za Castory ulizipeleka wewe mwenyewe."

"Na wewe ukasimama ukamkandamiza."

"Ulikuwa umeshasema, mdogo wangu. Ningekuumbua mbele za watu?" Akaegemea jembe. "Haya, nenda kawaambie. Utaanza na wizi wangu au na picha yako?"

Nilitamani kumpiga. Nilimchukia, na nilijichukia zaidi. Nikapanda mlimani, nikaifungua kamera kutoka mtini, nikaenda nayo hadi kwa mzee Castory ili aanze yeye kusikia, kabla ya kamati.

Alikuwa amesimama kati ya matuta yake. Miche yote ilikuwa imelala, majani yamekuwa ya kahawia.

"Shikamoo, mzee."

Siku zote huniitikia kabla sijamaliza. Safari hii aliitazama kamera mkononi mwangu, akaweka jembe chini na kulinyoosha shati lake.

"Piga picha," akasema.