Chumba cha Mama Mkwe

Njagi alisimama mbali kidogo nyuma ya mama mkwe wake, macho yameelekea dari, huku msichana wa mapokezi akimwuliza Kaari kama angependa juisi ya pesheni au ya tikiti. Kaari alisema anataka maji ya moto. Kikapu chake kilikuwa na ndizi za kupika, nduma na mtungi wa uji wa wimbi, na alikuwa amekataa katakata kukikabidhi kwa mbeba mizigo. Alitoka kijijini kwao Githongo alfajiri, akaacha kahawa imeiva na wachumaji hawapatikani, na miguu ilikuwa imemvimba mpaka viatu vya Jumapili vikamkataa. Juu ya meza ya mapokezi palikuwa na mizani ya zamani ya kupimia watoto wachanga, imepakwa rangi ya dhahabu na kujazwa peremende za bure.

Alikuja Embu kwa sababu binti yake Winrose, mke wa Njagi, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Njagi alikuwa na duka la dawa za mifugo na nyumba yenye vyumba viwili, na nafasi ilikuwepo. Lakini kwa Wameru, na kwa Waembu pia, mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Ni aibu isiyo na jina, na kwa kuwa haina jina haina dawa. Gesti za mjini zilikuwa juu ya baa. Njagi, akitaka kumpa mama mkwe heshima yake yote, akamchukulia chumba Matron House, hoteli nzuri kuliko zote mjini.

Lilikuwa jengo la mawe lililojengwa na wamishonari, na kwa miaka mingi ndilo lililokuwa hospitali ya wazazi. Nusu ya mji ilizaliwa humo, Njagi akiwemo. Kisha likauzwa kwa njia ambayo mali ya umma huuzwa, yaani watu waliamka wakakuta ua umezungushwa. Wodi ya wazazi ikahamishiwa kwenye jengo la mabati nyuma ya soko, kwa muda tu, na muda huo haujaisha mpaka leo. Vitanda vya chuma vya zamani vilibaki bustanini, vimepandwa maua.

"Kuna kitu kidogo, mama," msichana wa mapokezi alisema akimpa ufunguo. Aliitwa Gladwell, na alilisema jambo hilo kama anavyosema saa za kiamshakinywa. "Hapa wageni hupata uchungu."

"Uchungu gani?"

"Wa kuzaa. Ukikuwa na mtu wako pale wodi, unapata wake. Ukikuwa huna, unapata wa yeyote. Tunakuletea chupa ya maji moto kwa room, ni bure."

"Na huyo mtu wangu?"

"Yeye hasikii kitu."

Kaari alilifikiria jambo hilo. Alikuwa amezaa wanne, wote kwa shida, na Winrose ndiye aliyemtesa kuliko wote.

"Sawa," akasema. "Nimezoea."

Njagi alizidi kuitazama dari. Alijua habari hizo, kama mji mzima ulivyojua, lakini alipokuwa akichagua hoteli alifikiria heshima peke yake. Sasa aliona kwamba amempangia mama mkwe wake mahali pa kuja kuugulia uzazi wa mke wake, na yeye mwenyewe akiwa chini anasikia. Alitamani sakafu immeze.

Mji ulikuwa umezoea. Wauzaji wa bima kutoka Nairobi, wakaguzi wa hesabu, maharusi walio kwenye fungate, wote walijinyonganyonga kwenye zile shuka nyeupe, kisha wakaandika mtandaoni kwamba chakula ni kitamu na wahudumu ni wakarimu, ila mgongo unauma. Wajawazito nao walikuwa na mazoea ya kuuliza kama hoteli imejaa. Mwezi wa Januari, watu wakiwa hawana pesa za kulala hotelini, wodi nzima ilipiga mayowe.

Asubuhi ya pili, Kaari alikuwa akipaka siagi kwenye mkate alipohisi kiuno kimekamatwa. Aliweka kisu chini, akangoja uchungu upite, akamaliza mkate. Alipofika chumbani Njagi alimpigia simu kwamba Winrose amevunja maji na amempeleka wodini.

"Najua," Kaari alisema, akakata simu, kwa sababu uchungu wa pili ulikuwa unakuja.

Ilimwuma kama mtu wa umri wake anavyoumwa, bila haraka. Alishika ukingo wa kitanda kikubwa kilichoweza kulaza watoto wake wote wanne. Mhudumu alimletea chupa ya maji moto iliyovishwa soksi ya sufu, akazima muziki wa kwenye ukuta, akaondoka kwa adabu. Katikati ya maumivu Kaari alikuwa na furaha, na hakuificha kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumficha. Mtoto wake alikuwa akizaa bila kuumwa. Ni mama gani hajawahi kuomba hilo?

Njagi alikuwa akienda wodini na kurudi. Hakuweza kupanda juu, wala hakuweza kusikiliza kwenye simu mama mkwe akiguna, kwa hiyo alimpa Gladwell maneno, Gladwell akayapeleka mlangoni.

"Anasema Winrose yuko sawa kabisa. Ako kwa simu anaangalia video. Hata ameitisha chapati."

"Sista amempima?"

Gladwell akashuka, akapanda.

"Bado. Sista ni mmoja, na kuna wengine wanapiga nduru. Ameambiwa angoje."

Kaari akajishika mgongo. Kwa muda sasa uchungu ulikuwa umebadilika. Haukuwa ukishuka. Ulikuwa umekaa mahali pamoja mgongoni, ukisukuma kitu ambacho hakikutaka kwenda. Aliujua. Ndivyo ulivyokaa siku ya mtoto wake wa pili, yule aliyezikwa chini ya migomba bila kupewa jina.

"Mwambie muthoni wangu, mkwe wangu huyo, aende amwambie sista amshike tumbo. Sasa hivi."

Njagi alikwenda mbio. Sista, aliyeitwa Asmaa, mzaliwa wa mtaa wa Majengo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa zamu tangu jana yake na glavu zilikuwa zimebaki chache. Alimtazama Winrose anayecheka na simu, akamtazama mwingine aliyekuwa akiung'ata mkono wake mwenyewe.

"Huyu wako anakula chapati," alimwambia Njagi. "Akilia nitakuja."

Maneno hayo yalipofikishwa mlangoni, Kaari aliyasikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu yule sista. Hata yeye, angekuwa na wanawake wengi na mikono miwili, angekwenda kwa anayelia. Basi alikuwa amembeba mwanawe mpaka kwenye hatari, na alikuwa bado amembeba. Lilimwuma jambo hilo kuliko kiuno.

Alitoka akiwa amevaa joho jeupe la hoteli, la kutokea bafuni, miguu mitupu. Kwenye ngazi alishindwa, akaketi.

Njagi alikuwa chini. Alipomwona aligeuka upesi akaukabili ukuta, maana mkwe hatazamwi akiwa na nguo ya kulalia. Lakini hakukuwa na mwanamume mwingine karibu, na Gladwell alikuwa mdogo wa mwili. Njagi akachukua mwavuli kwenye kopo la miavuli ya wageni, akapanda kinyumenyume mpaka ngazi ya chini yake, akamnyooshea mpini bila kugeuka.

"Shika, mama."

"Nimeshika."

Wakashuka hivyo, yeye mbele akitazama picha za ukutani, mama mkwe nyuma, mwavuli katikati yao. Kila uchungu ulipomkamata Kaari, mwavuli ulivutwa, na Njagi akasimama.

"Mama, kwani tunaenda wapi?"

"Namrudishia uchungu wake."

Njagi akashuka ngazi nyingine. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Kaari akajua kwamba analia, akashukuru kwamba desturi inamzuia kumwona uso.

Langoni mlinzi alimpigia saluti. Kaari alivuka kizingiti, na maumivu yakamtoka yote kwa pamoja, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Alisimama kwenye barabara ya vumbi na joho lake, akiwa mzima, mwepesi. Wauza viazi walimwangalia wakaendelea na viazi. Alitega sikio kuelekea upande wa mabati, na hakuwahi kutamani sauti yoyote duniani kama alivyotamani ile. Lia, mama, alisema kwa Kimeru. Lia.

Ikaja. Ilipita juu ya soko lote, na Kaari akaketi kwenye gunia la mtu.

Sista Asmaa alikuwa ameahidi kwenda, na alikwenda. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio na kitovu kimemzunguka shingo. Ilichukua mikono yote miwili ya sista, na ya mfagizi wa wodi, na kelele ambazo Winrose atazikumbuka. Alitoka msichana, akiwa na rangi ya majivu, akakaa kimya kidogo, kisha akachukizwa na baridi akalia.

Akaitwa Ruguru, jina la mamake Njagi, kwa sababu msichana wa kwanza ni wa upande wa baba. Mwenye jina alikuwa nyumbani kwake huko Karurumo, amelala vizuri. Kaari hakulalamika, wa pili angekuwa wake, kama wa pili angekuwepo.

Gladwell alipomletea nguo na kikapu, aliingia wodini akamkuta Winrose amegawana kitanda na mwanamke mwingine, mmoja kichwa huku na mwenzake kule. Akamimina uji kikombeni. Winrose alikunywa bila kumtazama.

"Mami, ulitoka kwa hiyo room?"

"Nilitoka."

"Nilikuwa nimekaa tu poa. Sikuwa nasikia kitu."

"Najua."

"Si ungenivumilia kidogo."

Kaari angeweza kumweleza. Alikuwa na maneno yote tayari, lakini alichoka kabla ya kuyaanza. Akamchukua mtoto, akamfunga vizuri kwenye shali, akaacha lawama ikae ilipowekwa.

Jioni ile magari makubwa ya semina yaliingia Matron House, mada ikiwa ni afya ya mama na mtoto, kwa siku tatu. Wageni walipewa vitaulo baridi na kupelekwa vyumbani. Wodini, kitanda baada ya kitanda, kelele zikafa. Wanawake wakapangusa jasho, wakaanza kupiga soga. Mmoja akauliza kama kuna mtu ana chaja. Sista Asmaa alisikiliza ule utulivu, akavua glavu, akaketi kwenye kiti mara ya kwanza tangu asubuhi, na mfagizi akamletea chai.

Yule mwanamke wa upande wa pili wa kitanda alikuwa akimenya ndizi ya Winrose, akitabasamu. Kaari alimgusa mguu ili amsogeze kidogo. Mguu ulikuwa baridi. Akafunua blanketi, akaona damu imelowesha godoro, akalirudisha.

"Sista," akaita.

"Analia?"

"Halii."

"Basi wacha nimalize hii chai, mama yangu. Akilia nitakuja."

Kaari alimlaza mtoto kando ya mamake. Akakaza leso kiunoni, akafungua mdomo, akapiga nduru kama ya mtu anayekufa. Ilitikisa mabati. Sista Asmaa aliweka kikombe chini, akawa tayari amesimama.

"Ni yupi?"

Kaari alimwonyesha kwa kidole. Kisha akatazama vile vitanda vingine, vimenyamaza vyote mpaka mlangoni, akavuta pumzi nyingine.